Waya wa Injinia Oduor

Juzi tulikuwa tukitoa vitu vya marehemu kaka yangu Swaleh chumbani mwake. Havikuwa vingi. Misuli miwili mitatu ya kujifunga, msala, koti zito ambalo sijui alilitaka la nini katika mji huu wa joto, na kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira. Binti yangu akalifungua. Ndani mlikuwa na waya mweusi, umekunjwa kwa adabu kama tasbihi, kila ncha ina kichwa cha duara chenye meno madogo ya shaba.

"Mama, huu wa redio?" akauliza, na mfuko wa taka umeshaachama mkononi mwake.

Nikamnyang'anya. Nikaupeleka puani. Mtasema mwanamke huyu kaingiwa na nini, lakini waya ule mpaka leo wanuka mafuta ya taa, au labda ni pua yangu tu isiyotaka kusahau. Nikaketi sakafuni papo hapo, nikalia kilio ambacho sikumlilia Swaleh siku jeneza lilipotoka.

Nyinyi wa rika langu mwaijua harufu hiyo. Nyumba zetu za Mji wa Kale, hapa Mombasa, zote zilinuka hivyo kabla ya kuja mitungi ya gesi: stovu ya tambi uani, mama amechutama, mahamri yaumuka, nawe wangoja la kwanza litoke mafutani. Kwenu ni harufu ya asubuhi. Kwangu mimi ni harufu ya ndege. Sikusoma sana, niliachia darasa la sita, na sababu ya kuachia mtaikuta hapa hapa. Basi nitaandika kama nisemavyo, na majina nitayataja. Miaka yote hii watu wamelitaja jina moja tu, la Swaleh, na Swaleh amekwenda kaburini na mzigo ambao wengine waliutua mgongoni mwake wakaondoka.

Kaka yangu alikuwa bingwa wa kurusha tiara, vile vishada vya karatasi. Kibokoni nzima hakuna aliyempita. Alipanda paa la nyumba ya jirani, uzi wake umepakwa gundi na chupa iliyosagwa, na tiara za watoto wa mtaa wa Kuze zikakatwa moja baada ya moja zikaenda kuangukia majini. Mimi nilishika kopo lililozungushiwa uzi, na kazi yangu nyingine ilikuwa kupiga kelele. "Kushoto kwako, Swaleh! Ile nyekundu yaja!" Akaniita muadhini wake. "Adhini, muadhini, nisikie!"

Siri yake alinifundisha mimi peke yangu. "Tiara ikianza kuzunguka yaanguka, usivute. Watu wote huvuta, ndiyo maana hushindwa. Wewe legeza. Ipe uzi ipumue, itajiweka sawa yenyewe, ndipo uvute." Alisema huku kidole gumba chake cha kushoto kikiuachia uzi, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Kidole hicho kikumbukeni.

Baba yetu alikuwa seremala wa milango na makasha, na karakana yake ilikuwa chini ya chumba tulicholala. Siku moja akaja Bwana Tawfiq. Huyu kwao ni hapa hapa Mji wa Kale, lakini alikuwa ameshahamia Kizingo, kwenye majumba yenye miti, baada ya kufungua ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Alikuwa na picha mkononi. Alitaka ndege. Si ndege ya kuchezea. Alitaka jeti, ndogo ya kurushwa na mtu aliyesimama chini na rimoti, lakini yenye injini ya kweli tumboni, inayokunywa mafuta ya taa na kupiga mluzi kama zile kubwa zinazobeba watu. Injini ilikuja kwa meli, imefungwa kama yai. Haikuwa kubwa kuliko birika la kahawa. Mwili wake baba akauunda kwa mbao nyepesi, akaupiga msasa, akaupaka rangi nyeupe na mstari mwekundu, na kila jioni akaufunika shuka safi. Sisi tulilalia shuka zilizotoboka.

Bwana Tawfiq alimwona Swaleh juu ya paa na tiara yake, akasema, "Mkono huu watosha jeti." Basi likawa ndilo neno. Swaleh alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mimi sijamaliza kung'oa meno ya utoto.

Wa kumfundisha alikuwa Injinia Oduor. Mtu wa bara, mkubwa wa mitambo bandarini, aliyesomea ng'ambo na huko ndiko alikojifunza kurusha ndege hizi. Msidhani nawaletea mzee mpole. Oduor alikuwa na majivuno ya kumtosha yeye na jirani, sauti kama honi ya meli, kofia pana ya ukindu, na hakuna siku aliyomsifu mtu. Tulikutana naye Mbaraki, kwenye uwanja mkubwa wa lami uliokuwa wa makontena kabla hayajahamishwa. Upande mmoja ghala refu, upande wa pili maji. Swaleh akaja amevaa shati la Idi, akidhani atapewa jeti. Oduor akatoa ndani ya pikapu yake kitu kibaya chenye pangaboi puani na bawa lililozibwa kwa gundi ya karatasi.

"Hii?" Swaleh akauliza.

"Hii. Jeti utaiona ukikua."

Ikawa hivyo msimu baada ya msimu. Kwanza Oduor hakumpa hata hiyo mbovu. Alimpa ndege ya mbao aishike mkononi, azunguke nayo uwanjani jua likiwaka, akisema kwa sauti vidole vyake vingefanya nini. Makuli waliokuwa wakipita walimcheka. "Kijana, hiyo haijapata mafuta!"

"Wewe, Bwana Uzi," Oduor alimwita hivyo, "ndege ikienda mbali nawe, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka ikikujia, je?"

"Kulia kwangu kwawa kushoto kwake, Injinia."

"Na utakumbuka hivyo ikija mbio?"

Swaleh akaigeuza ile ndege ya mbao mkononi, puani kumwelekea.

"Hutakumbuka. Hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo achana na kulia na kushoto. Angalia bawa lililoinama, usukume kijiti upande huo huo lilikoinama. Litilie gadi. Nyumba ikielemea, gadi inawekwa wapi?"

"Inakoelemea."

"Haya. Baba yako ni seremala, usimwaibishe."

Akamfundisha kugeuka bila kupoteza kimo. Akamfundisha kuja kutua bila kutua: shuka, shuka, kisha paa tena, rudia, mpaka mimi mwenyewe nikawa naona usingizini. Akanyoosha mkono kwenye rimoti, akamzimia injini angani kusudi, amwone atafanya nini, na Swaleh akajifunza kuirudisha ndege kimya kimya kama mtu anayemleta mgonjwa. Kisha ndege ya pili, yenye mbio zaidi. Ile nayo ikavunjika, ikaundwa, ikavunjika.

Na mimi nikapata kazi. Oduor alikuwa na sheria kwamba hakuna arushaye peke yake. Mwenye rimoti haruhusiwi kuondoa macho kwenye ndege, kwa hiyo begani kwake asimame mtu wa kumwonea mengine yote: watu, upepo, kunguru. Kwanza alisimamishwa mpwa wa Bwana Tawfiq, kijana mkubwa, lakini yule naye akawa anaitazama ndege tu, mdomo wazi. Nikapiga kelele kutoka kwenye kivuli cha ghala, "Mtu na baiskeli!" Oduor akageuka, akanitazama.

"Huyu msichana anaangalia mahali ambapo sisi hatuangalii," akasema. "Njoo hapa, simama."

Nikasimama. Tangu hapo nikawa macho ya kaka yangu. "Uwanja mweupe!" "Kuli upande wa maji!" "Kunguru, Swaleh, kunguru wawili juu!" Sijapata kuwa mtu wa maana kama nilivyokuwa begani kwa Swaleh, nasema hivi nimeolewa na nimezaa.

Siku jeti ilipotolewa shukani, hata Oduor aliongea kwa sauti ya chini. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto lazima uwe miguuni kwa anayewasha. Bila mtungi, haiwashwi. Hakuna mtu nyuma yake. Kwanza gesi kidogo, kisha hewa ya kupuliza, injini ikanong'ona, kisha ikalia kama mtoto mchanga wa nyumba ya tatu, kisha ndio mluzi, mwembamba, wa kukutoboa mpaka jino. Hewa nyuma yake ikatetemeka. Na ile harufu. Nilicheka kwa sauti. Nilidhani mama yuko humo ndani anapika.

Oduor akashika kijiti cha kushoto cha rimoti, kile cha kuongeza na kupunguza resi. "Sikia, Bwana Uzi. Ndege ya pangaboi ukiita nguvu, inakuja hapo hapo. Jeti ni kama babu yako. Ukimwita haamki mara moja. Anatafuta fimbo, anatafuta viatu. Kwa hiyo mwite mapema. Ukishusha resi mpaka chini halafu ukaihitaji, atakuja, sawa, lakini atakukuta umezikwa."

Tulicheka sote. Ndipo akatoa waya.

Ulikuwa huu huu. Ncha moja aliichomeka kwenye rimoti ya Swaleh, nyingine kwenye yake. Kwenye rimoti yake palikuwa na kitufe. Akikibana, ndege ni ya Swaleh. Akikiachia, ndege yarudi kwake, na vidole vya Swaleh vyacheza na hewa tu. Wakasimama hivyo, mtu na kivuli chake. Na kila siku, jeti inapogeuka kuja kutua, upepo wa kusi ukiligonga bawa likayumba, kidole gumba cha kushoto cha kaka yangu kilishuka chenyewe. Oduor akaachia kitufe, akaichukua, akaipandisha.

"Umelegeza tena."

"Sikulegeza, Injinia."

"Kidole kimelegeza. Wewe huna habari nacho. Kinadhani kuna uzi. Ndege haina uzi, kijana!"

"Bila waya nitarusha lini?"

"Kidole kikisahau tiara."

"Kimeshasahau."

"Bado."

Neno hilo nililichukia kama shubiri. Na ule waya niliuchukia zaidi. Machoni mwangu ilikuwa kamba ya mbuzi. Nilimwona kaka yangu, bingwa wa Kibokoni, amefungwa mbele ya makuli, na yule mtu wa bara mwenye kofia akimnyang'anya ndege kila ilipokuwa karibu kutua, ili sifa za kutua ziwe zake. Nyumbani baba alikuwa akisema vivyo hivyo wakati wa kula. "Yule hataki Mswahili ampite. Atamfunga kamba mpaka azeeke." Mtoto hula anacholishwa. Niliona wivu pale ambapo palikuwa na mtu mmoja tu mjini aliyekuwa akimhesabia kaka yangu uhai wake.

Ikaja ile Jumapili. Bwana Tawfiq alikuwa na wageni wa ng'ambo, watu wa biashara na wake zao, akataka wamwone yeye alivyo mtu mkubwa. Karamu pale pale Mbaraki, biriani, kisha jeti. Siku zote watu waliokuja kutazama walikaa nyuma ya mstari mweupe, upande wa ghala, nyuma ya mwenye rimoti. Lakini saa ile upande huo ulikuwa unawaka jua. Kivuli cha ghala na upepo wa bahari vilikuwa mwisho wa uwanja, kule ambako ndege hupita chini chini inapokuja kutua. Tulipofika tukakuta turubai limehamishiwa huko, zulia limetandikwa, na pazia katikati kutenga wanawake na wanaume.

Oduor alishuka kwenye pikapu, akatazama, akavua kofia.

"Nani ameweka watu pale?"

"Mimi," akasema Bwana Tawfiq. Alikuwa na kanzu ya hariri na uturi wake ulifika kabla yake.

"Pale ndipo ndege inateremkia, Tawfiq. Rudisha nyuma ya mstari."

"Wageni wangu siwaaniki juani kama samaki wa ng'onda."

"Basi leo hakuna kuruka."

"Kuruka kuko, Injinia. Na huo waya wako uweke mfukoni. Wageni waone nini? Kijana kafungwa kama ng'ombe wa maziwa? Nimewaambia kijana wangu ndiye arushaye."

"Hajawa tayari."

"Kila siku hajawa tayari! Wewe mtu wa 'bado'. Tumuulize mwenye mwana." Akamgeukia baba. "Mzee wangu, wasemaje?"

Baba alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Aliitazama ile jeti nyeupe aliyoipiga msasa kwa mikono yake, akawatazama wageni waliokuwa wakiishangaa. Swaleh alikuwa ameinamisha kichwa. Nakumbuka alikuwa akikisugua kidole gumba cha kushoto kwenye suruali, kama mtu anayefuta uchafu.

"Hewala, Bwana," baba akasema. "Mtoto ni wako."

Hiyo ndiyo adabu yetu. Mtu mkubwa akikutaka mwana, wampa kama wampa kikombe cha kahawa, na ukirudishiwa kimevunjika wasema alhamdulillahi.

Oduor akasema, "Mimi simo." Akavaa kofia yake, akaingia kwenye pikapu, akaenda zake na waya mfukoni. Huyu naye namtaja. Wengine wamemfanya walii, mimi simfanyi. Alikuwa na haki, akaondoka nayo, akatuachia sisi ndege. Mtu aliyejua vile angelala mbele ya magurudumu.

Nami nilifurahi, jamani. Nilipoona kaka yangu amesimama bila kamba nilidhani ni siku ya uhuru. Nikakimbilia begani kwake. Bwana Tawfiq akanishika mkono.

"Na wewe wenda wapi? Wakaribia kuwa mwari, wasimama na wanaume wapiga makelele mbele ya wageni? Nenda upande wa wanawake ukagawe sharubati."

"Ami Tawfiq, nani atamwonea Swaleh?"

"Mpwa wangu atasimama."

Swaleh akanigeukia. "Nenda, muadhini," akasema, akajaribu kutabasamu. "Adhini huko huko, nitakusikia."

Wa mwisho kumtaja ni Jamali mpishi. Ule mtungi mwekundu ulitakiwa miguuni kwa anayewasha. Jamali aliuona asubuhi, akauchukua, akaufunga kwa kamba kwenye pembe ya turubai la jikoni, nyuma ya ghala, ili upepo usilipeperushe. Alitaka kitu kizito. Na mpwa wa Tawfiq akawasha jeti bila mtungi, kwa sababu hakuna aliyebaki mwenye ubavu wa kumwambia haiwashwi.

Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia. Kitu sikukiona, nilisikia tu. Karibu na ukingo wa turubai alikaa Nuru, mdogo wake Bwana Tawfiq, wa mwisho kwao, msichana mwenye mwanya na kicheko cha kuambukiza. Ndiye aliyenipaka hina kila Idi. Akanivuta karibu.

"Nihadithie, muadhini. Yaruka?"

"Imeruka. Sikia. Sasa anapanda. Sasa amegeuka juu ya maji."

"Mashallah. Nduguyo mwanamume."

Wanaume upande wa pili walipiga makofi. Mluzi ulipita juu yetu, glasi zikatetemeka, wanawake wakapiga ukemi na vigelegele. Ilipita tena. Nilikuwa najua kila kitu kwa masikio: hapa amenyoosha, hapa ametoa magurudumu, hapa anazunguka kuja kutua. Kwetu. Anakuja kwetu. Kisha upepo ukaligonga turubai, likavimba, na nikajua kwamba upepo huo huo umeligonga bawa.

Mluzi ukashuka.

Haukukatika. Ulishuka polepole, kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto. Amelegeza. Hakuna uzi, Swaleh. Kisha nikaisikia injini imeanza kuinuka tena, kwa chini, kwa uvivu: ameitambua, amesukuma kijiti mpaka juu, anamwita babu, na babu anatafuta viatu.

"Tokeni!" nikapiga kelele. "Tokeni! Inaanguka! Tokeni!"

Wanawake wakacheka. "Huyu mtoto kapatwa na nini?" Mmoja akaniziba mdomo kwa kitambaa, "Shh, sauti yako, wanaume wasikia." Ni Nuru peke yake aliyenitazama usoni, na kicheko kikamkatika. Hakuuliza. Aliinua ukingo wa turubai, akanisukuma kwa mikono yote miwili kama mtu asukumaye kasha. Nilikuwa nusu nje nusu ndani jeti ilipoingia.

Maumivu ya mwanzo siyakumbuki. Nakumbuka harufu tu, na nakumbuka nilichofikiri: mama ameunguza mahamri. Nilikuwa nikiwaka upande wa kushoto, shingo, sikio, mkono, nami nataka kumwambia mama apunguze tambi. Watu walikuwa wakimwita Jamali, "Mtungi! Uko wapi mtungi?" na Jamali alikuwa akifungua fundo lake la kamba, alilolifunga vizuri. Swaleh alivuka uwanja mzima mbio. Alinipita. Aliingia kwenye turubai linalodondoka matone ya moto, akamshika Nuru kwa mikono mitupu, akamvuta, na alichokishika hakukiachia mpaka wakamtoa kwa nguvu.

Nuru alikufa kabla sijafunguliwa bandeji ya kwanza.

Na hapo sasa tazameni mambo ya mji. Bwana Tawfiq alifiwa na dada. Mfiwa hasemwi. Baba yetu alikwenda kumpa mkono wa pole, na mwanawe na bintiye wako hospitali. Aliyehamisha turubai akakaa kwenye mkeka akiombewa subira, na barazani watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata kijana asiye na sauti. "Papara za ujana." "Mtu wa tiara, alipewa jeti ya nini?" Hakuna aliyelitaja turubai. Hakuna aliyeuliza waya uko wapi.

Oduor alikuja hospitali mara moja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hana majivuno hata kidogo. Alitembea mpaka kitanda cha Swaleh, akatoa waya mfukoni, akauweka kwenye meza ndogo kando ya dawa. Kisha akatoka. Muda si mrefu akahama Mombasa. Nilidhani ameuleta kutucheka, kutuonyesha kwamba alisema. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikafahamu kwamba yule alikuwa mtu anayerudisha kitu alichoondoka nacho.

Shule niliiacha kwa sababu ya sikio hili na shingo hii. Watoto walinipa jina ambalo silirudii. Swaleh naye mikono yake ilipona kwa kujikunja. Vidole viligandamana viganjani kama ngumi. Hakushika uzi tena. Aliishi chumba kile kile juu ya karakana, akilishwa na mama, kisha na mimi. Jioni alikaa barazani, na watoto wa mtaa wakija na tiara zao aliwatazama tu. Siku moja mtoto alimwuliza, "Mjomba Swaleh, ikizunguka yaanguka nifanyeje?" Kaka yangu aliingia ndani akafunga mlango, na hakutoka mpaka adhana ya alfajiri. Hakuwahi kusema lile neno la kulegeza tena. Hakuwahi kujitetea. Nilikuwa nikimwambia, "Sema, Swaleh! Sema nani aliweka watu pale!" Akanijibu, "Kidole kilikuwa changu, muadhini."

Siku alipofariki, mwosha alipotoka chumbani aliniita kando, akaniambia kwa aibu kwamba amejaribu kila njia, kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, vidole vya marehemu havikunyooka. Nikamwambia wamvishe sanda hivyo hivyo.

Jana, baada ya hitma, watu wameshaondoka, akaja Bwana Tawfiq. Amezeeka. Alishikwa mkono na mjukuu, fimbo mkono wa pili, uturi ule ule. Mwanangu akamletea kiti. Mimi nilikuwa na kopo la biskuti mapajani.

"Mwanangu, nimekuja kukupa pole. Nduguyo alikuwa mtu mwema. Mimi nilimsamehe zamani, nataka ujue. Mambo ya Nuru nilimsamehe."

Nikaufungua mfuniko wa kopo.

"Nawe nipe radhi," akasema. "Tumalize. Sote tu wa kuondoka."

Nikautoa waya, nikaunyoosha mapajani, akautazama. Sijui kama aliujua.

"Ami Tawfiq," nikamwuliza, "turubai nani alilihamisha?"

Akatafuta fimbo yake, iliyokuwa mkononi mwake. "Jua lilikuwa kali, mwanangu," akasema. "Ilikuwa qadari."

"Bado, Ami."

Akangoja, akidhani kuna neno jingine laja. Mimi nikaanza kuukunja waya.